Kuchagua Peleti za Bastola ya Hewa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila anayeanza kulenga shabaha kwa bastola ya hewa huuliza maswali yaleyale kuhusu peleti, yaani vijirisasi vidogo ambavyo bastola hiyo hufyatua. Ninunue peleti za kampuni gani? Nzito au nyepesi? Kopo moja limeandikwa 4.49 na jingine 4.50, nichukue lipi? Na kwa nini mwenzangu ana bastola kama yangu na peleti kama zangu, lakini yake inatoboa tundu moja na yangu inatawanya?

Maswali yote hayo jibu lake ni moja: mtutu wako ndio unaochagua. Mitutu miwili ya modeli moja, iliyotoka kiwanda kimoja, inaweza kukubali peleti tofauti, kwa sababu tofauti ndogo mno ndani ya mtutu inatosha kubadilisha jinsi peleti inavyokaa na inavyosafiri. Orodha za "peleti bora" haziujui mtutu wako. Kinachoujua ni jaribio, na jaribio lenyewe si gumu. Linahitaji asubuhi moja, makopo machache, na moyo wa kupima bila kujipendelea.

Mwongozo huu unahusu ulengaji wa bastola ya hewa wa mita 10 kwa kaliba (kipenyo cha ndani cha mtutu) ya milimita 4.5, ule unaochezwa kwa kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, na ambao umo kwenye Olimpiki tangu Seoul 1988.

Je, wakati wako umefika?

Soma sehemu hii kabla ya kutoa pesa. Duara la 10 kwenye shabaha ya bastola ya hewa lina kipenyo cha milimita 11.5. Unapata 10 hata kama ukingo wa peleti umegusa tu mstari wa duara hilo, kwa hiyo kitovu cha peleti kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ukahesabiwa 10. Eneo lote jeusi, kuanzia 7 hadi 10, lina kipenyo cha milimita 59.5.

Sasa mchukue mlengaji ambaye mkono wake unatawanya kwa upana wa milimita 30, na peleti zake, zikijaribiwa kwenye jiliwa (kibanio cha mezani kinachoishika bastola isitikisike), zinatawanya kwa milimita 8. Wengi hudhani mtawanyiko wake utakuwa 38. Sivyo. Mitawanyiko hujumlishwa kwa kipeo cha pili: 30 mara 30 ni 900, 8 mara 8 ni 64, jumla ni 964, na kipeuo chake cha pili ni kama 31. Peleti zimemharibia milimita moja tu. Lakini mlengaji ambaye mkono wake umetulia hadi milimita 12 atafikishwa na peleti hizohizo kwenye 14.4, na hapo anaanza kupoteza pointi zisizo za kosa lake.

Kwa hiyo, ikiwa risasi zako bado zinatoka nje ya jeusi mara kwa mara, fanya hatua ya 1 hadi ya 5 tu, nunua peleti za mazoezi za kiwanda kinachoaminika, kisha rudi kwenye mazoezi ya kushika bastola na kuvuta kifyatuo. Ukianza kuzikusanya ndani ya 8 na 9, rudi hapa umalizie hatua zilizobaki. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wengi wakibadilisha peleti kila wiki wakati shida iko kwenye kidole, na kila badiliko linawachelewesha kuligundua hilo.

Vitu vya kuandaa

- Bastola yako, ikiwa safi na skrubu zake zote zimekazwa.
- Aina tatu hadi tano za peleti. Baadhi ya viwanda huuza pakiti za majaribio zenye peleti kidogo za kila saizi ya kichwa. Ukizipata, zitakuokolea pesa.
- Kadi halisi za shabaha. Karatasi ya kawaida huchanika na kukudanganya kwenye vipimo.
- Kisanduku cha kunasa peleti chenye mgongo imara.
- Jiliwa iliyofungwa kwenye meza nzito, pamoja na vipande vya ngozi, mpira au mbao laini vya kuweka kwenye taya zake. Kama huna, mifuko miwili ya mchanga.
- Kalipa (kifaa chenye taya cha kupimia upana) au rula yenye milimita zinazosomeka vizuri.
- Kalamu na daftari.
- Miwani ya kukinga macho, kwa kila aliye karibu.

Kronografu, yaani kifaa cha kupima mwendokasi wa peleti, inasaidia lakini si lazima. Mizani ya miligramu vilevile.

Pata pia mahali pa ndani pasipo upepo, penye urefu kamili wa mita 10. Nje, hata upepo mdogo unaisukuma peleti, na utaishia kupima upepo badala ya peleti.

Usalama

Elekeza mtutu kwenye kinasa peleti muda wote, hata bastola ikiwa tupu. Kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka uwe tayari kupiga. Hakikisha hakuna mtu wala mnyama anayeweza kupita nyuma ya shabaha, na ufuate sheria za silaha za hewa za mahali unapoishi.

Peleti nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiziweke mdomoni hata kwa sekunde moja, usile wala kunywa ukiwa unazishika, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Vumbi la kwenye kinasa peleti usilifagie likiwa kavu. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu ili lisipeperuke. Watoto na wajawazito wasihusishwe na kazi hiyo ya kusafisha.

Hatua ya 1: Hakikisha kaliba na aina ya bastola

Soma maandishi kwenye mtutu au kitabu cha bastola. Mashindano ya mita 10 hutumia 4.5, ambayo kwenye makopo mengi huandikwa pia .177. Bastola nyingine za hewa ni za 5.5, na peleti zake hazibadilishani na hizi.

Jua pia bastola yako inapata nguvu wapi: hewa iliyoshindiliwa kwenye silinda, gesi ya CO2, springi, au hewa unayoshindilia mwenyewe kwa mkono kila risasi. Hili litaamua namna ya kuifunga kwenye jaribio.

Onyo: usitumie gololi za chuma kwenye mtutu wenye mifereji ya kuzungusha peleti. Zinakwaruza mifereji, hazishiki mzunguko, na zikigonga kitu kigumu hurudi kwa nguvu kuelekea usoni.

Hatua ya 2: Chagua kichwa bapa

Madukani kuna peleti za kichwa cha mviringo, za ncha kali, za tundu kichwani na za kichwa bapa. Kwa mita 10 chukua kichwa bapa na usihangaike na nyingine. Kichwa bapa hukata kadi kwa tundu la duara lenye ukingo safi, ambalo mwamuzi au wewe mwenyewe mnaweza kulisoma bila ubishi. Kichwa cha mviringo hupenya kwa kusukuma nyuzi za karatasi pembeni, tundu linakuwa dogo na lenye mapindo, na risasi iliyostahili 9 inaweza kusomwa kama 8.

Udhaifu wa kichwa bapa ni kwamba hupoteza mwendo haraka angani, na ukienda umbali mrefu zaidi huanza kuyumba. Kwa mita 10 hilo halikuhusu.

Hatua ya 3: Anza na uzito wa bastola

Peleti za mashindano za 4.5 huwa na uzito wa kati ya gramu 0.45 na 0.53. Zile nyepesi kwa kawaida hutengenezwa kwa bastola na zile nzito kwa bunduki ya hewa, ndiyo maana kiwanda cha RWS huuza R10 Match ya gramu 0.45 na nyingine ya 0.53, na H&N wana Finale Match ya bastola yenye gramu 0.49. JSB wa Jamhuri ya Cheki na Qiang Yuan wa China nao wana peleti zao za mashindano.

Bastola hurusha peleti kwa mwendo mdogo kuliko bunduki, mara nyingi kama mita 150 kwa sekunde kwa bastola za mashindano. Peleti nyepesi huondoka mapema zaidi kwenye mtutu, na kila sehemu ya sekunde inayopungua ni nafasi ndogo zaidi kwa mkono wako kutikisika peleti ikiwa bado ndani. Hata hivyo, usiufanye uzito kuwa sheria. Weka angalau aina moja nzito kwenye jaribio lako. Ipo mitutu ya bastola inayopiga 0.53 vizuri kuliko chochote kingine.

Ukitaka peleti zisizo na madini ya risasi, jua kwamba ni nyepesi zaidi na ngumu zaidi. Zinaweza kufaa, lakini zijaribu kama aina mpya kabisa, na usitegemee zitue mahali pamoja na za risasi.

Hatua ya 4: Chagua saizi za kichwa

Hapa ndipo wanaoanza huchanganyikiwa zaidi, kwa hiyo tutulie kidogo.

Peleti ina sehemu tatu: kichwa mbele, kiuno katikati, na sketi nyuma. Kichwa hukaa juu ya mifereji ya mtutu na kuiongoza peleti inyooke. Sketi ni nyembamba; hewa inapoipiga kwa nyuma hutanuka, ikaziba mtutu na kushika mifereji ili peleti izunguke. Namba kama 4.49 au 4.50 kwenye kopo ni kipenyo cha kichwa, si cha sketi. Kichwa kikiwa kidogo mno, peleti inacheza ndani ya mtutu. Kikiwa kikubwa mno, inabanwa na kukwaruzwa, na mwendo unabadilika kutoka risasi moja hadi nyingine.

Viwanda hutoa saizi kati ya kama 4.48 na 4.52. Wewe chukua aina moja ya peleti katika 4.49 na 4.50, na ukiweza 4.51 pia. Halafu ongeza aina nyingine mbili kutoka viwanda tofauti. Hizo zinatosha. Mwenye aina kumi na mbili mezani huchoka kabla hajafika katikati, na risasi za mwisho zinakuwa za mtu aliyechoka.

Onyo: usijaribu kupima kichwa cha peleti kwa kalipa ili uthibitishe namba ya kopo. Madini ya risasi ni laini, kalipa inayabonyeza, na utasoma namba isiyo ya kweli. Amini namba ya kopo kama jina tu la kutofautishia, kisha uache kadi iseme.

Kabla ya kufungua kopo, nakili namba ya toleo, yaani namba inayotambulisha peleti zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi iko kwenye lebo ya nyuma au chini. Peleti za jina moja na saizi moja, lakini za matoleo mawili, zinaweza kutoka kwenye mashine mbili tofauti. Bila namba hiyo, jaribio lako lote halitakusaidia siku ya kununua tena.

Hatua ya 5: Kagua peleti moja moja

Mimina kiasi kidogo kwenye kitambaa laini chenye rangi nyeusi, chini ya taa. Geuza kila peleti uitazame kwa nyuma. Sketi inatakiwa iwe duara kamili. Iliyobonyea, iliyopinda, au yenye kipande kilichochomoza, itenge. Kasoro ndogo kichwani ina madhara madogo. Kasoro kwenye sketi ndiyo inayoipeleka peleti pembeni, kwa sababu hewa inavuja upande mmoja wakati peleti inaondoka mtutuni.

Itenge pia yoyote yenye unga mweupe. Huo ni madini ya risasi yaliyoliwa na unyevu, nao ni sumu kuliko peleti yenyewe kwa kuwa unapeperuka. Ukiukuta kwenye kopo zima, usilitumie.

Peleti zilizotengwa usizitupe ovyo. Zikusanye kwenye chombo chenye mfuniko upeleke panapopokewa taka za metali.

Kuzipima uzito moja moja? Kwa peleti za mashindano sioni faida inayolingana na saa utakazotumia. Kwa peleti za bei nafuu, kupima kidogo kunaweza kukuonyesha zile chache zilizozidi au kupungukiwa sana. Fanya hivyo ukiwa na muda, lakini macho kwenye sketi yatangulie.

Hatua ya 6: Andaa bastola

Safisha mtutu kwa vipande vya sufi au kwa uzi wa kusafishia, ukifuata kitabu cha bastola. Kuna vipande vya sufi vinavyofyatuliwa kama peleti. Kwenye bastola ya springi usivifyatue peke yake, kwa sababu havina uzito wa kuizuia pistoni na itajigonga kwa nguvu mwisho wa silinda. Usipake mafuta ndani ya mtutu wala kwenye peleti.

Kama bastola ni ya silinda ya hewa, anza kila aina ya peleti ikiwa na shinikizo linalokaribiana, na usilingoje lishuke hadi eneo jekundu la geji. Kama ni ya CO2, iache ikae kwenye joto la chumba kwanza, kisha pumzika kati ya risasi, kwa maana gesi inapoa kila unapopiga na mwendo unapungua.

Hatua ya 7: Ifunge

Kwa bastola za hewa iliyoshindiliwa na za CO2 zisizo na mrusho mkubwa (mshtuko wa bastola inapofyatuliwa), bana fremu kwenye jiliwa kati ya vipande vya ngozi au mpira. Usibane silinda hata kidogo; ina hewa yenye shinikizo linaloweza kufika bar 200, na mkwaruzo au mbonyeo juu yake ni hatari. Usibane mtutu pia, kwa sababu utaupinda kidogo na kupima kitu kingine. Kaza kiasi cha kuizuia isitikisike, basi.

Bastola ya springi haifungwi kwenye jiliwa. Ina mrusho wake wa mbele na nyuma, na ikishikwa kwa chuma hubadilisha tabia, hata matokeo yasifanane na ya mkononi. Hiyo ishike kwa mikono miwili, viganja vikiwa juu ya mfuko wa mchanga, na mtutu usiguse kitu chochote.

Baada ya kufunga, tazama kupitia vilengeo na uchague alama moja ukutani ambayo vimeelekea. Kila baada ya risasi chache, tazama tena. Ikiwa vilengeo vimehama kutoka kwenye alama, bastola imesogea, na kundi hilo, yaani matundu ya risasi ulizopiga mfululizo, halihesabiki.

Hatua ya 8: Piga makundi

1. Piga peleti 10 hadi 20 za aina ya kwanza bila kuzihesabu. Mtutu unahitaji kupakwa tabaka jembamba la madini ya peleti hiyo ndipo utulie.
2. Weka kadi mpya, upande wa nyuma ukikutazama. Kama bastola imefungwa kwenye jiliwa, huhitaji duara la kulenga, kwa kuwa haiendi popote.
3. Piga risasi 10 kwa mwendo uleule, ukisukuma kila peleti ndani kwa namna ileile, kichwa kikitangulia. Wanaoanza huingiza peleti kinyume zaidi ya unavyofikiri, hasa mwanga ukiwa hafifu.
4. Sogeza kadi, usisogeze bastola. Piga kundi la pili, kisha la tatu.
5. Andika kwenye kadi jina la peleti, uzito, saizi ya kichwa, namba ya toleo na shinikizo la hewa.
6. Badilisha aina, rudia kuanzia namba 1.
7. Ukimaliza aina zote, rudi kwenye aina ya kwanza na upige kundi moja zaidi. Likitofautiana sana na yale ya mwanzo, kuna kitu kimebadilika katikati ya jaribio, iwe ni jiliwa, hewa au joto, na inabidi urudie.

Onyo: kundi la risasi 3 halikuambii kitu. Hata la 5 linaweza kutoka dogo kwa bahati. Na usilinganishe kundi la 5 na kundi la 10. Kundi lenye risasi nyingi zaidi daima huelekea kuwa pana zaidi, hata kama peleti ni zilezile.

Hatua ya 9: Pima

Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali nalo zaidi. Toa 4.5, ambacho ni kipenyo cha peleti. Kinachobaki ni umbali kati ya vitovu. Kundi lenye milimita 7.5 kwa nje, kwa mfano, ni kundi la 3.0.

Fanya hivyo kwa makundi yote matatu, kisha tafuta wastani. Usichukue kundi zuri kuliko yote ukasema hilo ndilo la kweli, na usifute risasi moja iliyotoroka kwa kuwa "haikuwa ya kawaida". Siku ya mashindano hakuna atakayekufutia.

Bastola ya mashindano yenye afya, ikiwa na peleti zinazoifaa, inaweza kutoboa mita 10 tundu moja ambalo upana wake wa nje ni kama milimita 7 au 8. Bastola rahisi za mazoezi zitatawanya zaidi ya hapo, wakati mwingine mara kadhaa, na hilo halimaanishi umechagua vibaya. Linganisha peleti na peleti kwenye bastola yako, si bastola yako na ya mtu mwingine.

Hatua ya 10: Amua

Tofauti ikiwa wazi, kwa mfano wastani wa 3 dhidi ya wastani wa 6, kazi imeisha. Ikiwa aina mbili zimepishana kwa nusu milimita, zihesabu kuwa sawa, uchague ile unayoweza kuipata mwaka mzima. Peleti nzuri isiyopatikana itakulazimisha kubadilisha katikati ya msimu, na utaanza upya.

Mlengaji anayefika fainali ana sababu ya kuwa mkali zaidi. Kwenye mchujo wa bastola ya hewa pointi huhesabiwa kwa namba nzima, lakini fainali huhesabiwa kwa desimali, na kila sehemu ya kumi ndani ya 10 ni milimita 0.8 tu. Hapo nusu milimita ina maana.

Hatua ya 11: Thibitisha kwa mkono

Siku nyingine, ukiwa hujachoka, piga aina mbili bora kwa mkono mmoja kama kawaida yako, risasi 20 kwa kila moja. Mwombe mtu akupe peleti bila kukuambia ni zipi. Lengo hapa ni kuhakikisha peleti inaingia kwa urahisi, haikukwamishi vidoleni, na haijakushtua kwa tabia yoyote. Alama za siku hiyo zisibatilishe matokeo ya jiliwa. Mkono una siku zake.

Zingatia kwamba peleti mpya inaweza kutua juu au pembeni kidogo ya ile ya zamani. Rekebisha vilengeo. Mahali kundi linapotua hapasemi lolote kuhusu ubora wake.

Hatua ya 12: Nunua toleo lilelile na ulitunze

Rudi dukani na namba ya toleo mkononi. Mashindano ni risasi 60, mbali na za majaribio. Kopo la kawaida la mashindano lina peleti 500, kwa hiyo linakutosha mazoezi saba au nane hivi. Piga hesabu ya msimu wako na ununue kiasi hicho cha toleo moja, kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, tumia peleti za bei nafuu kwa mazoezi ya kila siku na zile zilizoshinda kwa mashindano na wiki moja kabla yake.

Hifadhi makopo mahali pakavu. Usiyatikise, usiyatupe kwenye begi pamoja na vyuma, na usiondoe sponji iliyo ndani ya mfuniko. Usimimine mabaki ya kopo la zamani kwenye kopo jipya.

Mambo yakienda kombo

*Kundi limerefuka kwenda chini na juu.* Mwendokasi haulingani. Peleti yenye mita 150 kwa sekunde huanguka kama milimita 21.8 kabla ya kufika mita 10. Yenye 145 huanguka kama 23.3. Milimita moja na nusu imepotea kwa tofauti hiyo ndogo. Angalia shinikizo la hewa, pumzisha CO2, kagua sketi. Ikiendelea, mpelekee fundi akague regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la hewa) na sili (vizuizi vya uvujaji).

*Risasi tisa pamoja, moja mbali.* Mara nyingi ni sketi iliyobonyea au peleti ambayo haikusukumwa hadi mwisho. Kagua zaidi, piga tena. Ikirudi kila kundi, aina hiyo haiufai mtutu wako.

*Makundi mawili kwenye kadi moja.* Bastola imeteleza kwenye jiliwa, au kilengeo au mtutu umelegea. Kaza, kisha anza upya. Hakikisha pia hujachanganya matoleo mawili.

*Matundu yana umbo la yai.* Peleti inafika ikiwa imelala upande. Safisha mtutu, jaribu saizi nyingine ya kichwa. Kagua pia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuza. Mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wake unatosha kusababisha hili.

*Matundu yamechanika.* Kadi ina unyevu au haijabanwa vizuri nyuma. Badilisha kadi kabla ya kulaumu peleti.

*Peleti inaangukia ndani yenyewe, au inakataa kuingia.* Panda saizi moja ya kichwa kama inaangukia ndani, shuka moja kama inakataa.

*Aina zote zinatawanya sawa.* Tatizo haliko kwenye peleti. Mdomo wa mtutu, skrubu zilizolegea, sili zilizochoka au uchafu ndani ya mtutu, angalia kwa mpangilio huo. Usinunue kopo la sita.

*Kwenye jiliwa ni tundu moja, mkononi zinatapakaa.* Peleti zako ni nzuri. Fanyia kazi mshiko, vilengeo na kifyatuo; njia rahisi ya kuanza ni kupiga kwenye kadi tupu isiyo na duara, ukitazama vilengeo peke yake.

*Kopo jipya la jina lilelile ni baya.* Linganisha namba za toleo. Zikitofautiana, chukua hilo kama aina mpya na ulipitishe kwenye hatua ya 8, ukilipiga sambamba na peleti za toleo la zamani. Kwa ajili hiyo, bakiza daima peleti mia hivi za toleo lililoshinda, kwenye kopo lake lenye namba, hadi utakapopata toleo jipya linalolingana nalo.